Maji ya dripu nayo yana dozi

Mgonjwa akilazwa, ndugu wanaokuja kumtazama huuliza mapema: ametundikiwa dripu? Wakijibiwa ndiyo, nyuso hulegea kidogo. Chupa iliyoning'inia kwenye chuma ni ushahidi kwamba kazi imeanza, kwamba mtu wao hakuachwa kitandani hivi hivi. Na ukiuliza amepewa dawa gani, jibu huwa: "Bado, wamempa maji tu."

Neno hilo "tu" ndilo linalonisumbua. Maji yanayoingia mshipani ni dawa. Yana aina, yana kiasi, yana mwendo, na mwendo ni sehemu ya dozi kama kiasi kilivyo. Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua kuhusu jambo hili umetoka kwetu, katika wodi za watoto za Kilifi nchini Kenya, Teule huko Muheza, Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Ningependa kueleza ulivyopatikana, kwa sababu namna ulivyopatikana inafundisha kupiga hesabu ya dripu vizuri kuliko mihadhara mingi.

Tuanze kitandani. Mtoto ameletwa ana homa kali, amelegea, anahema kwa shida. Mikono ina joto lakini miguu ni baridi. Mapigo ya damu kwenye kiwiko cha mkono yanapotea chini ya vidole vyako. Unambonyeza kidole mpaka kigeuke cheupe, unaachia, unahesabu: moja, mbili, tatu. Rangi bado haijarudi. Damu haifiki pembezoni mwa mwili inavyopaswa, na hali hiyo ikiwa kali madaktari huiita shoki. Katika hospitali za nchi tajiri jibu lilikuwa linajulikana, na karibu hakuna aliyelihoji: mpe bolasi, yaani maji mengi kwa muda mfupi, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Asipobadilika, rudia. Miongozo ya kimataifa ilielekeza hivyo. Hospitali nyingi za huku hazikuwa zikifanya hivyo kwa watoto wenye homa kali, na wengi waliamini kwamba hapo ndipo tulipokuwa tunawapoteza.

Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, alitaka swali hilo lijibiwe kwa kipimo. Utafiti mdogo uliofanyika Kilifi kabla ya hapo ulikuwa umeashiria kwamba albumini, ile protini ya damu inayochanganywa katika maji ya dripu, huenda ikaokoa watoto wenye malaria kali kuliko maji ya chumvi ya kawaida. Kwa hiyo jaribio kubwa lililoanza Januari 2009, lililopewa jina la FEAST, halikuanzishwa na watu wanaotaka kuiangusha bolasi. Wengi walitarajia ithibitike kuwa inaokoa, kisha hospitali za Afrika zidai zipewe maji na vifaa vya kutosha. Nasisitiza hili kwa sababu matokeo yanayokwenda kinyume na matarajio ya mtafiti mwenyewe yana uzito wa pekee.

Watoto wa umri kati ya siku 60 na miaka 12, wenye homa kali, waliolegea kabisa au kupoteza fahamu au wenye shida ya kupumua, na wenye dalili za damu kutofika pembezoni, walipangwa kwa kura katika makundi matatu. Kura yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha zenye namba, zimefungwa, haziangaziki hata ukizielekeza kwenye taa. Daktari hakuweza kuchagua nani apate nini. Mtoto alipokuwa mahututi kiasi kwamba mzazi hakuweza kukaa chini kusomewa karatasi nzima, ridhaa ya mdomo ilitosha kwanza, ile ya maandishi ikafuata baadaye. Kundi la kwanza lilipata bolasi ya albumini ya asilimia 5. La pili lilipata bolasi ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. La tatu halikupata bolasi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanaposimulia jaribio hili. Kundi la tatu halikunyimwa maji. Watoto wote wa makundi yote matatu walipata maji ya kujikimu mshipani, yaani yale ya mahitaji ya kawaida ya mwili, mililita 2.5 hadi 4 kwa kila kilo kwa saa. Wote walipata dawa za kuua vijidudu na za malaria kulingana na miongozo, na waliokuwa na kiwango cha damu (himoglobini) chini ya gramu 5 kwa desilita waliongezewa damu polepole, kwa saa nne. Tofauti ilikuwa moja: ile saa ya kwanza ya maji mengi.

Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri usajili usimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia kwenye sehemu kuu ya jaribio. Baada ya saa 48, waliofariki katika kundi la albumini walikuwa 111 kati ya 1,050, sawa na asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi walikuwa 110 kati ya 1,047, asilimia 10.5. Katika kundi ambalo halikupata bolasi walikuwa 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Kwa lugha ya wodini: kati ya kila watoto 100 waliopewa bolasi, watatu walikufa ambao kwa kutopewa wangeishi.

Nilipoyasoma matokeo hayo mara ya kwanza nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya mtoto mmoja, na nakuomba msomaji ufanye hivyo pamoja nami. Mtoto ana kilo 14. Kanuni ya maji ya kujikimu inayotumika sehemu nyingi duniani ilichapishwa Marekani mwaka 1957 na Malcolm Holliday na William Segar: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo katika kilo 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wetu basi anahitaji 1,000 kwa kilo zake kumi za kwanza na 200 kwa nne zilizobaki. Jumla ni mililita 1,200 kwa saa 24, yaani 50 kwa saa. Kipimo cha FEAST, 2.5 hadi 4 kwa kilo, kinampa kati ya 35 na 56 kwa saa. Hesabu mbili za asili tofauti zinakutana.

Sasa mpe bolasi. Ishirini mara 14 ni 280. Mililita 280 ndani ya saa moja ni maji ambayo mwili wake ungeyapokea kwa zaidi ya saa tano na nusu. Katikati ya jaribio itifaki ilirekebishwa, bolasi ya mwanzo ikapanda hadi mililita 40 kwa kilo. Kwa mtoto huyu ni 560, maji ya saa 11. Ukiyatazama ndani ya chupa ni nusu lita na ushee, hayatishi mtu. Moyo wa mtoto wa kilo 14 ambao umeshachoshwa na sumu ya ugonjwa, na pengine na upungufu wa damu, unayapokea vingine.

Kuna jambo moja katika takwimu zile ambalo naliona ni zito kuliko hata idadi ya vifo. Baada ya saa ya kwanza, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopata bolasi, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopata. Aliyesimama pale kitandani aliona mafanikio. Miguu imepata joto, rangi ya kidole inarudi upesi, mama anatabasamu. Na bado, hata miongoni mwa wale walioonekana kupata nafuu saa ya kwanza, waliopewa bolasi walikufa zaidi. Vifo vingi vilitokea ndani ya saa 24. Daktari mwenye uzoefu wa miaka 30, mwenye macho makali na moyo mwema, asingeweza kuuona ukweli huu kwa kukaa wodini, kwa sababu kila alichokiona kilimwambia anafanya vyema. Ilibidi bahasha 3,141 zifunguliwe.

Waliopinga walikuwa na hoja, na hazikuwa za kipuuzi. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na malaria. Karibu theluthi walikuwa na upungufu mkali wa damu. Hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia. Je, matokeo yangekuwa yaleyale London? Jibu langu ni kwamba swali hilo waulizane walioko London. Kwa daktari wa Muheza au Mbale, watoto wenye malaria na upungufu wa damu katika hospitali isiyo na mashine ya kupumulia ndio wagonjwa wake wa kila siku. Tena watafiti waliangalia kundi dogo moja baada ya jingine, wenye malaria na wasio nayo, wenye damu pungufu na wenye damu ya kutosha, na hawakupata hata moja ambalo bolasi ililinufaisha. Wengi walidhani maji yaliwajaa watoto mapafuni na kwenye ubongo. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba kilichotofautisha makundi zaidi ni kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu. Wengine waliorudia takwimu hizo baadaye wakaongeza kuwa maji hayo yaliizimua damu na kuongeza asidi mwilini.

Sasa neno ambalo lisiporuka macho ya msomaji nitafurahi. FEAST iliwaacha nje watoto wanaoharisha na kutapika hadi kukauka, wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia. Mtoto wa kipindupindu amepoteza maji kweli, na anahitaji kurudishiwa kwa kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto aliyekaukiwa vibaya ni mililita 100 kwa kilo: kama hajafikisha mwaka, 30 kwa saa ya kwanza na 70 kwa saa tano zinazofuata, akizidi mwaka, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu. Hiyo ni dozi kubwa kuliko ile iliyodhuru, na hapo inaokoa. Anayesoma FEAST kisha akaogopa kumfungulia maji mtoto mwenye macho yaliyodidimia na ngozi ya tumbo isiyorudi ikifinywa, amejifunza kinyume.

Kwa hiyo hesabu ya dripu haianzii kwenye kanuni. Inaanzia kwenye swali: mwili huu umepoteza nini? Kama umepoteza maji, rudisha maji. Kama umepoteza damu, chupa ya maji ni daraja la muda mfupi tu, kinachotakiwa ni damu. Kama haujapoteza kitu, ila mgonjwa hawezi kunywa, mpe ya kujikimu, na siku atakapoweza kunywa ing'oe kanula, kile kimrija cha mshipani. Na kama tatizo ni homa kali iliyovuruga mishipa na moyo, basi zile mililita 20 kwa kilo zina hatari ambayo leo tunaijua kwa namba. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake mwaka 2016, miaka mitano baada ya FEAST kuchapishwa. Sasa linataka dalili zote tatu ziwepo kabla ya kuiita shoki: miguu na mikono baridi, rangi kurudi kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Hata hapo ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, mtu akiwa ameketi pembeni anaangalia. Miaka mitano ni mingi mno.

Swali likishajibiwa, hesabu yenyewe si ngumu, ila huharibikia mahali padogo. Rudi kwa mtoto wetu wa kilo 14 mwenye mililita 50 kwa saa. Seti ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja, na idadi hiyo imechapwa kwenye pakiti. Hamsini mara 20, gawa kwa dakika 60, unapata karibu matone 17 kwa dakika. Bureti, kile chombo cha plastiki chenye alama za mililita kinachowekwa chini ya chupa, hutoa matone madogo, 60 kwa mililita. Kwake mililita 50 kwa saa ni matone 50 kwa dakika. Sasa bureti zimeisha stoo, muuguzi wa zamu anafunga seti ya kawaida, na kwenye faili imeandikwa matone 50 bila kutaja seti. Mtoto anapata mililita 150 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa. Chupa ya nusu lita iliyopaswa kudumu saa kumi inaisha kwa saa tatu na dakika 20, na hakuna aliyevunja agizo lolote.

Ndiyo maana nalichukia agizo la "R/L 500 ml x 3" ambalo bado naliona kwenye mafaili. Ni jina la maji kwa kifupi, Ringer ya lakteti, na idadi ya chupa. Halina uzito wa mgonjwa, halina saa, halina matone. Agizo kamili linasema hivi: kilo 14, zimepimwa leo, maji ya Ringer yenye dekstrosi asilimia 5, mililita 50 kwa saa, matone 17 kwa dakika kwa seti ya 20, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, jumla mililita 200, kisha apimwe upya kabla ya kuendelea. Kama uzito ulikadiriwa kwa macho, iandikwe kwamba ulikadiriwa, ili wa zamu inayofuata ajue kutafuta mizani. Sehemu ya mwisho, ile ya kupimwa upya, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inalazimisha mtu kurudi.

Wodi za watu wazima nazo hazijasalimika. Lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi. Mgonjwa wa upasuaji anayetundikiwa lita tatu kwa siku amepewa gramu 27, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku. Mtu wa kilo 60 asiyekula, asiyetapika wala kuharisha, anahitaji maji ya kujikimu lita moja na nusu hadi moja na mililita 800 hivi. Na Lusaka, Zambia, jaribio lililochapishwa 2017 liliwapa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima, na presha iliyoshuka, wengi wao wanaoishi na VVU, mpango wa maji mengi ya mapema, dawa za kupandisha presha na damu. Walifariki asilimia 48.1, dhidi ya asilimia 33.0 ya waliopata huduma ya kawaida. Baada ya Lusaka sikuweza tena kuiona FEAST kama kisa cha watoto peke yao.

Nimalizie kwa usiku mmoja nilipomlinda mtoto wa dada yangu hospitalini. Kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja na mjukuu wake. Muuguzi alikuwa amebandika utepe mweupe ubavuni mwa chupa, ameandika saa kwa kalamu: hapa saa sita, hapa saa nane, hapa saa kumi. Alipopita saa nane maji yalikuwa yameshashuka chini ya alama ya saa kumi. Akakibana kile kigurudumu cha kwenye mrija, akamwinamia mtoto, akamsikiliza mgongoni kushoto na kulia, akamgusa chini ya mbavu.

"Bibi, nani amefungua hii?"

"Mimi, mwanangu. Niliona yanashuka polepole mno, na mtoto ana kiu."

Hakumfokea. Alimshika mkono akamwonyesha utepe, alama kwa alama, akamweleza kwamba maji haya hayafunguliwi kwa kufuata kiu, yana saa zake kama vidonge, na kwamba akiona yamekimbia au yamesimama aje kumwita, hata kama amelala. Kisha akahesabu matone upya huku akitazama saa ya mkononi, dakika nzima. Utepe ule wa shilingi chache ndio uliomwonyesha kosa kabla kifua cha mtoto hakijaanza kukoroma.

Ukiwa na mgonjwa wodini, usikiguse kigurudumu kile. Muulize daktari mgonjwa wako ana kilo ngapi, na maji haya yanatakiwa yaishe saa ngapi. Ukiona mtoto anaanza kuhema haraka, uso unavimba, au chupa imeisha kabla ya saa yake, mwite muuguzi papo hapo, hata ikiwa saa nane za usiku.